Mgonjwa wa moyo anapoishiwa pumzi: Sababu 10, na lini ni dharura

Anapanda ngazi za ghorofa moja tu, anasimama katikati, anashika ukuta. "Umri huu," anasema huku akicheka. Wiki mbili baadaye anaomba mto wa pili. Mwezi ukiisha analala amekaa kwenye kochi la sebuleni, na watu wa nyumbani wanasema anakabwa na jinamizi.

Huenda hata wewe unayesoma una mtu wa namna hii kwenu. Mama, babu, shangazi, au dada aliyejifungua juzi juzi.

Tatizo ni kwamba kila mtu anakuja na jibu lake. Mmoja anasema pumu, mwingine vidonda vya tumbo, wa tatu anasema amerushiwa kitu. Moyo unatajwa mwisho kabisa, mara nyingi mgonjwa akiwa tayari yuko kwenye oksijeni.

Makala hii inaeleza kwa lugha rahisi kwa nini mtu mwenye ugonjwa wa moyo huishiwa pumzi, sababu zinazoleta hali hiyo, na dalili ambazo ukiziona hutakiwi kusubiri kesho.

Moyo na mapafu vinahusiana vipi?

Moyo wa mtu mzima husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika akiwa amepumzika. Kwa siku nzima hupiga kama mara 100,000.

Una pande mbili. Upande wa kulia hupokea damu iliyotoka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto hupokea damu hiyo ikiwa imeshapata oksijeni, kisha huisukuma mwili mzima.

Sasa fikiria foleni ya magari. Barabara ya mbele ikiziba, magari ya nyuma yanarundikana. Ndivyo ilivyo hapa: upande wa kushoto wa moyo ukichoka, damu inarundikana nyuma yake, na nyuma yake ndiko kwenye mapafu.

Presha ndani ya mishipa ya mapafu inapanda. Majimaji ya damu yanaanza kuvuja na kuingia kwenye vifuko vidogo vya hewa. Vifuko ambavyo vilitakiwa kuwa na hewa sasa vina maji.

Kwa hiyo mgonjwa anavuta hewa, lakini oksijeni haivuki vizuri kwenda kwenye damu. Mwili unashtuka, unamlazimisha aheme haraka zaidi. Hapo ndipo anasema, "Pumzi haishuki."

Kwa nini usiku ndiyo balaa?

Ukiwa umesimama au umekaa, sehemu ya majimaji ya mwili hubaki miguuni. Ukilala chali, majimaji hayo hurudi kifuani. Moyo wenye nguvu haujali. Moyo uliochoka unazidiwa.

Ndiyo maana madaktari wengi humuuliza mgonjwa swali linaloonekana la ajabu: "Unalalia mito mingapi?" Aliyekuwa analalia mto mmoja akahamia miwili, kisha mitatu, kisha kwenye kiti, anaonyesha kwamba hali inazidi kuharibika.

Kuna pia ile ya kushtuka usingizini. Mgonjwa analala vizuri, saa moja au mbili baadaye anaamka ghafla akitafuta hewa, anakimbilia dirishani. Akikaa wima dakika kadhaa anapata nafuu. Hii ndiyo ambayo nyumba nyingi huiita jinamizi.

Dalili nyingine ambayo watu hawaijui ni kuishiwa pumzi unapoinama. Unafunga kamba za viatu, unapiga deki, unafagia uwanja kwa ufagio mfupi, au uko kwenye rukuu, na ndani ya nusu dakika unahisi kifua kimejaa. Mtaje daktari jambo hilo, hata kama unaliona dogo.

Sababu 10 za mgonjwa wa moyo kuishiwa pumzi

1. Moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha

Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Mtaani wanaita "moyo mkubwa" au "moyo kutanuka", ingawa si kila moyo ulioshindwa kazi huwa umetanuka.

Misuli ya moyo inalegea, kila pigo linatoa damu kidogo kuliko inavyotakiwa, na foleni tuliyoisema inaanza. Mbali na kuhema, mgonjwa huvimba miguu, huchoka haraka, hukohoa usiku, na tumbo hujaa.

Usidanganyike na jina. Moyo kushindwa kufanya kazi haimaanishi umesimama. Maana yake ni kwamba unafanya kazi chini ya mahitaji ya mwili, na kuna dawa zinazosaidia watu kuishi miaka mingi na hali hiyo.

2. Presha ya muda mrefu

Moyo unaosukuma damu dhidi ya presha kubwa ni kama mtu anayesukuma mlango mzito kila siku. Misuli inanenepa na kukakamaa. Moyo unaweza kuwa bado unasukuma vizuri, lakini haulegei vya kutosha kupokea damu. Matokeo yake ni yale yale: damu inarudi nyuma kwenye mapafu.

Kwetu Afrika hili ni jambo zito. Utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 hivi, na presha ndiyo iliyoongoza kama chanzo.

Miaka 52! Huyo ni mtu ambaye bado ana watoto shuleni na bado anategemewa na ukoo.

Na presha haiumi. Unaweza kutembea na 170 kwa 100 ukajiona mzima kabisa. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, tena si mara moja, hiyo ni presha ya kushughulikiwa hata kama unajisikia vizuri.

3. Vali za moyo kuharibika

Vali ni milango midogo inayohakikisha damu inaenda mbele tu. Ikisinyaa, damu haipiti vizuri. Ikilegea, damu inarudi ilikotoka. Vyote viwili hujaza mapafu.

Kwa vijana wa Afrika Mashariki, chanzo kinachojulikana sana kinaanzia kwenye koo. Mtoto anapata mafindofindo ya bakteria, hatibiwi vizuri, kisha mwili wake unaanza kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikijirudia rudia, vali zinaachwa na makovu.

Makovu hayo yanaweza kukaa kimya miaka mingi. Halafu binti wa miaka 22 anaanza kuhema akichota maji, na kila mtu anashangaa.

Ambaye ameshagundulika hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi ili ugonjwa usirudi. Kuruka sindano kwa sababu "najisikia poa" ni kuyapa makovu nafasi ya kuongezeka.

4. Mishipa ya moyo kuziba

Misuli ya moyo nayo inahitaji damu yake. Mishipa inayoilisha ikisinyaa kwa mafuta, moyo unadhoofika, hasa mtu anapofanya kazi nzito au anapotembea haraka.

Tumezoea kusikia kwamba shambulio la moyo ni maumivu makali ya kifua yanayoenda mkono wa kushoto. Ni kweli, lakini si kwa kila mtu. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasiumwe kifua kabisa. Wao wanaishiwa pumzi ghafla, wanatokwa jasho la baridi, wanahisi kichefuchefu au uchovu wa ajabu.

Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anayehema ghafla asiambiwe tu "ni gesi". Apelekwe hospitali.

5. Mapigo ya moyo kwenda ovyo

Moyo ukipiga haraka mno, haupati muda wa kujaa damu kati ya pigo na pigo. Ukipiga polepole mno, damu inayotoka haitoshi. Na kuna ile hali ambapo vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga kwa mpangilio.

Mgonjwa huielezea hivi: "Moyo unaruka ruka kama samaki." Anaweza pia kuhisi kizunguzungu au kutaka kuzimia.

Hali hiyo ya kutetemeka ina hatari nyingine. Damu inaweza kuganda ndani ya moyo, kipande kikatoka na kwenda kwenye ubongo. Hapo ndipo kiharusi kinapotokea.

6. Ujauzito na kipindi cha baada ya kujifungua

Wakati wa ujauzito, damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu. Moyo wenye vali mbovu ambao ulikuwa unavumilia unaweza kuzidiwa hapo. Wapo wanawake wanaojua kwa mara ya kwanza kwamba wana ugonjwa wa moyo wakiwa na ujauzito wa miezi sita au saba.

Kuna pia ugonjwa ambapo misuli ya moyo hudhoofika kati ya mwezi wa mwisho wa ujauzito na miezi mitano baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na tatizo la moyo.

Hili linapotea kirahisi kwa sababu mzazi yeyote anachoka, analala vibaya na anavimba miguu. Ila mzazi anayeshindwa kulala chali, anayekohoa usiku na kuhema akitoka chumbani kwenda chooni, huyo hahitaji kuambiwa avumilie. Anahitaji kipimo cha moyo.

7. Maji kuzunguka moyo

Moyo umekaa ndani ya mfuko mwembamba. Mfuko huo ukijaa maji, moyo unabanwa kutoka nje na kushindwa kujaa damu vizuri. Pumzi inakuwa fupi na presha inaweza kushuka ghafla.

Kwenye maeneo yenye kifua kikuu kingi kama yetu, TB ni chanzo kikubwa cha maji haya. Ndiyo maana usishangae daktari wa moyo akikuuliza kuhusu kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito.

8. Upungufu wa damu

Damu ndiyo inayobeba oksijeni. Ikiwa pungufu, moyo unalazimika kuizungusha haraka zaidi ili mwili upate mahitaji yake. Kwa mtu mzima wa afya, moyo unamudu kwa muda. Kwa mgonjwa wa moyo, huo ni mzigo juu ya mzigo.

Malaria, minyoo, hedhi nzito, lishe duni, selimundu na ugonjwa wa figo vyote hupunguza damu. Mgonjwa anaweza kuwa anakunywa dawa zake za moyo vizuri kabisa na bado anahema, kumbe damu imeshuka na hakuna aliyeipima.

9. Damu kuganda mapafuni, na maambukizi ya kifua

Mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu, aliyefanyiwa upasuaji au aliyesafiri akiwa amekaa saa nyingi anaweza kupata bonge la damu kwenye mguu. Bonge hilo likisafiri hadi mapafuni, pumzi inakatika ghafla, kifua kinachoma akivuta hewa, na wengine hukohoa damu. Mara nyingi mguu mmoja huwa umevimba na kuuma kuliko mwingine.

Nimonia, mafua makali na korona nazo humwangusha mgonjwa wa moyo haraka kuliko mtu mwingine. Akipata homa na kikohozi, asikae nyumbani siku nne akijifukiza.

10. Dawa zilizoachwa, dawa zilizoongezwa, na chumvi

Hii ndiyo sababu inayouma zaidi, kwa kuwa mara nyingi ingeweza kuepukika.

Kwanza ni kuacha dawa. Mgonjwa anapata nafuu, anaona amepona, au dawa zimeisha na mwezi bado haujaisha. Wiki chache baadaye maji yanarudi kwenye mapafu. Kupata nafuu ni ushahidi kwamba dawa zinafanya kazi, si kwamba ugonjwa umeondoka.

Pili ni dawa za maumivu zinazonunuliwa duka la dawa bila kuuliza. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hufanya mwili uzuie chumvi na maji, tena huumiza figo. Mgonjwa anazinywa kwa ajili ya goti, kesho yake anavimba na kuhema. Ukienda dukani, sema wazi: "Nina ugonjwa wa moyo, nipe dawa inayonifaa."

Tatu, baadhi ya dawa za presha na mapigo, kama propranololi na atenololi, zinaweza kubana kifua cha mtu mwenye pumu. Kama una pumu, mwambie daktari kabla hajaandika. Na kama umeshaanza, usiache ghafla peke yako, rudi akubadilishie.

Nne ni chumvi. Chumvi huvuta maji, na maji hayo yanaongeza mzigo wa moyo. Haiko kwenye kikopo cha mezani tu. Iko kwenye ng'onda, dagaa wa chumvi, viungo vya mchuzi vya kiwandani, soseji, krispi na tambi za haraka. Hata magadi ya kulainishia maharage au makande yana sodiamu ile ile inayovuta maji.

Na kwa watoto?

Mtoto mchanga hawezi kusema "pumzi haishuki". Anaonyesha kwa kunyonya.

Mtoto mwenye tundu kwenye moyo au tatizo jingine la kuzaliwa hunyonya kidogo, anaacha, anahema, anatokwa jasho kichwani, kisha anaanza tena. Uzito hauongezeki kwenye kadi ya kliniki. Anapata nimonia mara kwa mara. Wengine midomo na ndimi zao huwa za bluu wakilia.

Ukiona hivyo, mwambie muuguzi wa kliniki asikilize moyo wa mtoto. Usiondoke na dawa ya kikohozi tu.

Ni moyo au ni pumu?

Swali hili hata madaktari hulihitaji vipimo, kwa hiyo usijipe jibu mwenyewe. Lakini kuna mambo yanayosaidia kutofautisha.

Pumu mara nyingi huanza utotoni au ujanani, huja na kuondoka, huchokozwa na vumbi, moshi, baridi au manukato, na hutulia kwa dawa ya kuvuta. Kifua hupiga mluzi mtu anapotoa hewa.

Ya moyo huongezeka taratibu, huzidi ukilala chali, huja na miguu kuvimba, na mara nyingi humpata mtu mwenye presha, kisukari au historia ya vali. Tatizo ni kwamba moyo nao unaweza kuleta mluzi kifuani. Mtu wa miaka 55 anayeambiwa ana "pumu" kwa mara ya kwanza maishani anastahili kupimwa moyo kabla ya kukubali jina hilo.

Na wasiwasi je? Upo. Hofu inaweza kumfanya mtu aheme haraka, aone ganzi mdomoni na vidoleni. Lakini kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa moyo, wasiwasi uwe jibu la mwisho, baada ya vipimo. Usianze nao.

Ngazi nne za kujipima

Madaktari duniani hutumia mfumo uliotokana na Chama cha Moyo cha New York kupanga wagonjwa kulingana na shughuli wanazoweza kufanya. Kwa maisha yetu uko hivi:

Ngazi ya 1: Unafanya kazi zako za kawaida bila kuhema kupita kiasi.

Ngazi ya 2: Ukipumzika uko sawa, lakini kupanda ngazi, kubeba ndoo au kuwahi daladala kunakuishia pumzi.

Ngazi ya 3: Kazi ndogo kama kuoga, kuvaa au kutembea ndani ya nyumba inakuchosha.

Ngazi ya 4: Unahema hata ukiwa umekaa tu.

Unaposhuka kutoka ngazi ya 2 kwenda ya 3, usingoje tarehe ya kliniki. Rudi mapema.

Vipimo vinavyofanyika

Daktari ataanza kwa kusikiliza kifua, kupima presha, mapigo, na kiwango cha oksijeni kwa kile kifaa kinachobana kidoleni. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90, hiyo ni dharura.

Baada ya hapo kuna eksirei ya kifua kuangalia maji na ukubwa wa moyo, ECG ya kurekodi umeme wa moyo, na eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Eko haina sindano wala mionzi. Inaonyesha misuli inavyosukuma, vali zinavyofunguka, na kama kuna maji yanayouzunguka moyo.

Vipimo vya damu huangalia wingi wa damu, figo, sukari na tezi ya shingo.

Tanzania, kesi ngumu hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyopo Muhimbili jijini Dar es Salaam. Uganda ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, Kampala. Lakini safari huanzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kipimo cha presha kipo huko, na barua ya rufaa inaandikwa huko.

Mambo matano ya kufanya nyumbani

Jipime uzito kila asubuhi. Ukitoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hujanenepa. Hayo ni maji. Piga simu au nenda kliniki kabla pumzi haijaanza kukata.

Hesabu mito. Mto ukiongezeka, mwambie daktari.

Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga vinaweza kuleta ladha bila kuleta maji.

Usifuate kila ushauri wa mtandaoni. "Kunywa lita 3 za maji kila siku" inaweza kumfaa mchezaji mpira. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kazi inaweza kumjaza mapafu. Uliza kiasi chako. Vilevile usiache dawa za hospitali kwa ajili ya chupa ya mitishamba inayosifiwa kwenye grupu la WhatsApp.

Panga dawa na maisha. Dawa ya kukojoza mara nyingi hunywewa asubuhi ili usihangaike usiku. Watu wengi huiruka siku ya safari wakiogopa kushuka njiani. Mwambie daktari akupangie muda, badala ya kuiacha. Kama unataka kufunga Ramadhani, nenda kliniki kabla mwezi haujaandama ili dozi zipangwe upya, au uambiwe kwa hali yako usifunge.

Hizi ni dharura, usisubiri kukuche

Mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo ukiona:

- Anahema akiwa amekaa na hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi
- Midomo au kucha zimegeuka bluu au kijivu
- Anakohoa povu jeupe au lenye rangi ya waridi
- Kifua kinauma au kubana, jasho la baridi linamtoka
- Amezimia au anachanganyikiwa
- Pumzi imekatika ghafla na mguu mmoja umevimba
- Mapigo yanakimbia hovyo na hayatulii

Wakati mnatafuta usafiri, mkalishe wima, miguu ikining'inia chini. Usimlaze chali, hata kama anaonekana amechoka. Legeza nguo, fungua madirisha, punguza watu chumbani. Usimnyweshe maji mengi, soda wala maziwa. Asitembee kwenda barabarani. Abebwe na kiti.

Kama hakuna ambulansi, gari au bajaji ni bora kuliko bodaboda, maana mtu anayetafuta hewa anaweza kuzimia akadondoka. Bebeni dawa zake zote, na zile za dukani pia, pamoja na kadi ya kliniki.

Akiacha kupumua na haitikii, anzeni kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikishuka sentimita 5 hivi kila mnapobonyeza. Pokezaneni, msiache mpaka msaada ufike.

Swali la kuuliza leo

Wagonjwa wengi hawasemi. Wanapunguza tu maisha yao kimya kimya. Wanaacha kwenda sokoni, wanahamia chumba cha chini, wanaswali wamekaa, wanasema "siku hizi nimekuwa mvivu".

Kwa hiyo ukimpigia simu mama au baba jioni ya leo, usiishie kwenye "hamjambo, salama". Muulize: "Siku hizi unalalia mito mingapi?"

Akikujibu "mitatu", au "nalala kwenye kiti", usibishane naye kwenye simu. Panga siku ya kumpeleka hospitali wiki hii. Na akisema anahema hata akiwa amekaa, msisubiri hiyo siku. Aende sasa hivi.

Makala hii ni ya kukuelimisha, haichukui nafasi ya daktari anayekuona ana kwa ana.